Samaki Wetu Wanahitaji Maji Kiasi Gani?

(Yafuatayo ni maelezo ya Mratibu wa Miradi ya Maendeleo katika semina ya kamati za sharika za Kilosa na Mikumi. Tunayachapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kuleta wajumbe, na kwa ajili ya marafiki zetu wanaochangia miradi hii.)



 Tunajua wapo mlioondoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika ili mwahi basi la Mikumi, na wapo mlioacha mashamba yakiwa yanahitaji palizi. Tutajitahidi tusiwapotezee muda.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mabwawa ya samaki. Mezani kwetu yapo maombi matatu ya kununuliwa pampu za maji. Sababu iliyoandikwa katika maombi yote matatu ni moja, kwamba maji yanayoingia bwawani hayatoshi. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, tumeona tujiulize kwa pamoja: hayatoshi kwa kipimo gani? Nani amepima, alipima mwezi gani, na samaki wenyewe wanahitaji kiasi gani? Tunauliza hivyo kwa sababu sisi wenyewe, katika idara yetu, tulikosea jambo hili mara mbili, na makosa yote mawili yaliwagharimu walengwa.

Kosa la kwanza: maji mengi mno

Bwawa letu la kwanza lilichimbwa katika mtaa mmoja upande wa Kilosa. Lina urefu wa mita 15, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita moja. Maana yake linachukua maji mita za ujazo 150, yaani lita 150,000. Tulichepusha mfereji, tukaweka bomba, na maji yakawa yanaingia usiku na mchana, kiasi cha ndoo ya lita 20 kwa kila dakika moja. Upande wa pili yalitoka na kuteremkia korongoni. Maji yalikuwa meupe kiasi cha kuona udongo wa chini. Wageni walipotutembelea walipiga picha, na sisi tuliwaambia kwa fahari kwamba samaki wetu wanaishi katika maji yanayotembea.

Baada ya miezi minane tulivua. Perege wengi hawakuzidi kiganja cha mtoto. Tulilaumu mbegu. Lakini vifaranga wa chanzo kile kile, waliochukuliwa siku ile ile, walipelekwa pia katika bwawa la mtaa mwingine ambako maji yalikuwa ya shida, na kule walinenepa. Hapo tulilazimika kuuliza wataalamu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kushika jembe.

Maelezo tuliyopewa ni haya. Perege na sato si samaki wa maji ya mbio. Sehemu kubwa ya chakula chao katika bwawa la udongo ni vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo vikiwa vingi huyapa maji rangi ya kijani. Vijimea hivyo huota kwa nguvu ya jua na mbolea ya samadi tunayoweka. Sasa piga hesabu: lita 20 kwa dakika ni lita 28,800 kwa siku. Kwa muda wa siku tano hivi kiasi cha maji kilichoingia kilitosha kulijaza bwawa zima upya. Vijimea havikupata nafasi ya kuongezeka. Samadi waliyobeba akina mama kichwani iliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Tulikuwa tunalirutubisha korongo.

Hasara haikuishia hapo. Bwawa la ukubwa ule, likiwa kwenye udongo mzuri wa mfinyanzi, hupoteza kwa jua na kwa kunywewa na ardhi kiasi cha sentimita moja kwa siku. Hizo ni lita 1,500 kwa siku, sawasawa na lita moja kwa dakika. Hicho ndicho kiasi tulichotakiwa kurudisha. Tuliingiza mara ishirini yake! Zaidi ya lita 27,000 kila siku zilikwenda bure. Ukihesabu kwamba bustani ya mboga wakati wa kiangazi hutumia kama lita tano kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, maji yale yangeweza kumwagilia zaidi ya ekari moja.

Na kweli ilikuwepo bustani. Mama mmoja anayelima chini ya mfereji alikuja kutuuliza, kwa upole kabisa, samaki wetu wanakunywa maji kiasi gani hata mchicha wake unyauke. Hatukuwa na jibu. Wilaya yetu inajua ugomvi wa ardhi na maji unaweza kufikia wapi. Hatujasahau yaliyotokea Rudewa Desemba 2000 kati ya wakulima na wafugaji, ambapo watu walipoteza maisha. Mradi wa kanisa hauwezi kuwa chanzo cha jirani kukosa maji, hata kama samaki wangekuwa wanene.

Kosa la pili: kufunga maji bila kuangalia

Mwaka uliofuata tulijirekebisha kwa kwenda upande wa pili. Tulifunga koki kabisa, tukaongeza samadi, na maji yakawa ya kijani. Tuliwaambia wafugaji kuwa kijani ni chakula, na kadiri kinavyozidi ndivyo vizuri. Hapo tulikosea tena.

Vijimea vile mchana hutoa oksijeni, hewa ambayo samaki huivuta kutoka ndani ya maji. Usiku hakuna jua, kwa hiyo navyo huitumia oksijeni hiyo hiyo pamoja na samaki na samadi inayooza. Oksijeni hupungua tangu magharibi, na saa ambayo ni kidogo kuliko zote ni alfajiri. Maji ya joto nayo hubeba oksijeni kidogo. Katika joto la nyuzi 28, lita moja ya maji hubeba isiyozidi miligramu 8 hivi hata ikiwa imeshiba. Yakija mawingu siku mbili tatu mfululizo, mchana hakizalishwi cha kutosha, na usiku matumizi ni yale yale.

Ilitokea hivyo masika, mwezi wa nne. Mlinzi aliwaona samaki alfajiri wakiwa wamepandisha midomo juu ya maji. Alidhani wanaomba chakula, akawaongezea pumba. Asubuhi ya pili ikawa hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu walikuwa wanaelea. Wanawake wa mtaa ule walikuwa wamepanga kununua sare za shule za watoto wao kwa mauzo ya bwawa lile. Walizika samaki ndoo kwa ndoo.

Mlinzi yule hana kosa. Hakuna aliyemfundisha. Katika bajeti tuliandika saruji, mabomba, vifaranga na posho za uzinduzi, lakini hatukuandika siku mbili za kumfundisha mtu anayekaa na bwawa.

Kila kiumbe na mkondo wake

Somo hili si la Kilosa peke yake. Wenzetu wa pwani wanalijua siku nyingi. Wakulima wa mwani wa Unguja, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989, huchagua sehemu ya kupigia mambo kwa kuangalia mkondo wa bahari. Mkondo ukiwa mkali hukata mwani na kuuchukua. Mkondo ukiwa mdogo mwani hushikwa na uchafu na kudhoofika. Wafugaji wa mwatiko katika mabwawa ya maji chumvi, kama kule Tanga na Mtwara, hutumia bahari inapojaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua, kubadilisha maji kupitia lango la bwawa. Hata wale wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe katika matangi ya vioo mijini hawaweki pampu ya kuzungusha maji kwa kubahatisha. Tumbawe la mahali penye mawimbi hutaka msukumo mkubwa, na samaki mpole hutaka pembe tulivu ya kupumzikia.

Kwa samaki wa maji baridi ni vivyo hivyo. Trauti, ambao wazungu waliwapeleka katika mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, hutaka maji ya baridi yanayotiririka muda wote. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia hata tope. Perege na sato wako katikati: wanataka maji ya joto, yaliyotulia, yenye chakula, na yenye msaada wa kuingizwa maji mapya pale hewa inapopungua. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati ni kiumbe yupi tunayemfuga na anataka mkondo wa namna gani. Pampu inakuja baadaye.

Jinsi ya kupima

Ndugu wajumbe, vipimo vyenyewe havihitaji mashine. Tunahitaji ndoo, saa, kijiti na mkono.

(a) Ndoo na saa. Kinga maji ya bomba au mfereji kwa ndoo ya lita 20 na uangalie inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja, bwawa kama lile la lita 150,000 litajaa kwa siku tano au sita. Hayo ni maji ya kujazia. Baada ya kujaa, punguza koki mpaka ndoo hiyo ijae kwa dakika 20 hivi. Hayo ni maji ya kutunzia.

(b) Kijiti. Funga maji yanayoingia na yanayotoka. Simika bwawani kijiti chenye alama za sentimita. Soma jioni, usome tena jioni ya kesho yake wakati hakuna mvua. Zidisha urefu kwa upana wa bwawa kwa mita, kisha zidisha kwa sentimita zilizopungua, kisha mara kumi. Jibu ni lita ambazo bwawa lako linapoteza kwa siku. Mita 15 mara 10, mara sentimita 1, mara 10, ni lita 1,500. Kama kijiti kinaonyesha sentimita tano au sita, tatizo si uchache wa maji. Bwawa linavuja, na pampu itakuwa inajaza pakacha.

(c) Mkono. Zamisha mkono taratibu ukiwa umenyoosha vidole. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi ni nzuri. Ukiona vidole hata baada ya kiwiko kuzama, maji ni meupe mno, kwa hiyo punguza yanayoingia na uongeze samadi kidogo. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, kijani kimezidi. Acha samadi na uingize maji mapya. Kipimo hiki hufaa tu kama maji hayana tope la mvua.

(d) Jicho la alfajiri. Samaki wakipandisha midomo kabla jua halijachomoza, piga kofi au tikisa maji. Wakizama na kukaa chini, hawana shida. Wakirudi juu papo hapo, wanakosa hewa. Usiwape chakula wala samadi. Fungua maji mapya yaingie kwa kuanguka, na toa maji ya chini ya bwawa ambayo ndiyo yenye hewa kidogo zaidi. Hii ndiyo saa ambayo maji mengi yana kazi.

Kwa sababu hiyo bomba la kuingizia liwe juu ya maji kiasi cha shibiri moja au zaidi, ili maji yaanguke na kuchanganyika na hewa. La kutolea liwe upande ulio mkabala, na lichukue maji ya chini. Yote mawili yawe na wavu. Wavu wa kutolea si kwa ajili ya kuzuia hasara yetu tu. Mto Wami una perege wake wa asili, na watafiti wamekwisha kuona hapa nchini kwamba sato waliotoka mabwawani na kuingia mitoni huzaana na perege wa asili na kuharibu mbegu yao. Maji ya ziada yasiende korongoni. Yaelekezwe kwenye mboga, maana yana mbolea.

Tupime Oktoba

Jambo jingine ni majira. Maombi mengi hupimwa Aprili wakati kila korongo lina maji, kisha ifikapo Oktoba mfereji umebaki uzi. Tunaomba kuanzia sasa kila kamati ipime kwa ndoo mwezi Septemba au Oktoba. Ukubwa wa bwawa uamuliwe na maji ya Oktoba. Kama mwezi huo mfereji unatoa lita nne kwa dakika, na bwawa la mita za mraba 150 kwa jua la wakati huo likapoteza hata sentimita mbili, yaani lita mbili kwa dakika, basi mabwawa mawili ni mengi mno, kwa sababu jirani hatabakiwa na kitu. Bwawa moja, lenye samaki wawili kwa kila mita ya mraba, yaani 300, linatosha.

Masika nayo ina hatari yake. Wote tunakumbuka mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010, tuta la Mto Mkondoa lilipopasuka, maelfu ya watu wa Kilosa wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikasombwa. Bwawa lisijengwe kwa kuziba mto au kijito. Lijengwe pembeni, lipokee maji kwa mfereji wenye kizuizi cha kufungia, na upande wa juu lichimbiwe mtaro wa kukinga maji ya mvua.

Halafu kuna sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchepusha maji ya mto kwa mradi kunahitaji kibali. Kwa upande wa Mkondoa na Mkata tunahusika na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu yenye ofisi Morogoro. Walioko Kidodi kwenye Mto Ruaha Mkuu wanahusika na Bonde la Rufiji, ofisi yake iko Iringa. Kanisa liwe la kwanza kutii jambo hili, na tuanze kwa kukaa na wanaotumia mfereji huo huo chini yetu.

Pendekezo letu

Baada ya kusema hayo, tunarudi kwenye maombi matatu. Kwa moyo mkunjufu kabisa, tunapendekeza pampu zisinunuliwe kwa sasa. Pampu inataka mafuta kila wiki na fundi kila msimu, na fedha ya wafadhili ikiisha itabaki chuma cha kutagia kuku. Badala yake tunaomba wafadhili wetu waridhie fedha hizo zitumike kwa mambo manne: koki na mabomba ya kudhibiti maji, kusakafia sehemu za mifereji zinazovuja, nyavu za kuingizia na kutolea maji, na mafunzo kwa watunza mabwawa wote katika Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Kingolwira, ambacho kiko hapa hapa mkoani kwetu. Kamati zitakazopima Oktoba kwa ndoo na kijiti, na kuonyesha kwa tarakimu kwamba maji kweli hayatoshi na bwawa halivuji, tutazisikiliza upya.

Tunajua kuna wajumbe watakaorudi nyumbani na kulaumiwa kwamba wameenda kuomba pampu wakarudi na kijiti. Waambieni lawama hizo zije ofisini kwetu. Sisi ndio tuliowaonyesha watu maji meupe yanayotembea na kuwaambia hayo ndiyo maendeleo.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi la ziada. Mtakapotembelea mabwawa haya mwakani, huenda mkakuta maji ya kijani yaliyotulia, na bomba dogo linalodondosha lita moja kwa dakika. Halitapendeza sana kwenye picha. Tunawaomba mfike alfajiri, mkae na mlinzi, na mwulizeni anaangalia nini. Kisha mteremke chini ya mfereji mkamwone yule mama na mchicha wake. Mkikuta bustani ina maji na samaki wametulia chini, jueni fedha yenu imefanya kazi.